Mzigo Kwanza, Gari Baadaye: Historia Fupi ya Pikapu Yetu na Tela Lake



Katika kijitabu hiki cha miaka kumi mtasoma mengi juu ya hisa, mikopo na mgao wa kila mwaka. Sisi akina mama tulioteuliwa kuandika sura hii tumepewa jambo moja tu: lile gari. Wengi wenu mnaliona likipita na tela nyuma, maharage yamefunikwa turubai, na mmetuuliza mara nyingi: kwa nini pikapu kuukuu ya dizeli? Kwa nini si Fuso, au bajaji za mizigo mbili tatu? Na kwa nini mlikaa miezi mingi mnabishana badala ya kununua la kwanza mliloliona?

Jibu letu limo katika historia. Hapa kwetu Kasulu mzigo siku zote umekuwa wa mama, lakini chombo cha kuubebea kimekuwa cha mtu mwingine. Mwenye chombo ndiye aliyepanga siku ya kuuza, na anayepanga siku ya kuuza ndiye anayepanga bei. Tulipokwisha kulielewa hilo tulijua tunachokitafuta, nacho ni siku ya kuuza iliyo yetu wenyewe. Ndiyo maana tulianza kwa kuuangalia mzigo, kisha tela, kisha breki, na injini tukaiacha mwisho, ingawa watu wengi huanza nayo.

Enzi za kichwa na mabega

Wazee wetu wa Buha walikuwa wachukuzi kabla barabara haijakuwako. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wamekuwa wakiichemsha kutoka kwenye chemchemi za huko kwa zaidi ya miaka elfu moja, ilipanda milima hii kwa vichwa na mabega, ikabadilishwa kwa majembe, mifugo na chakula. Njia kuu ya misafara, kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, ilipita kusini mwetu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo ilimaliza kazi ya wapagazi wa safari ndefu, lakini haikupanda huku juu. Kutoka Kasulu au Kibondo hadi stesheni, mzigo ulibaki kuwa wa kichwa.

Wakati wa Waingereza mkoa wetu uligeuzwa kuwa mahali pa kuchukulia vibarua. Vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba. Treni iliondoka na wanaume, na waliobaki kulima, kuvuna na kubeba wakawa bibi zetu. Siyo kwamba wanawake wa hapa hawakuwa na sauti, la hasha. Kuanzia 1946 Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na jina lake linatajwa kwa heshima mpaka leo. Lakini mama kuwa na kiti ni jambo moja, na kuwa na gurudumu ni jambo lingine.

Magari ya watu wengine

Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na yenye injini ya dizeli ikatoka 1957. Kwa miaka mingi, mtu wa kijijini akisema "gari limekuja" alikuwa na maana ya Land Rover: ya Bwana DC, ya misheni, ya daktari, na baada ya Uhuru ya mkuu wa wilaya. Lilikuwa gari la kazi kweli, lakini lilibeba kazi ya mwenyewe. Mama mwenye muhogo alilipisha kando ya njia, akafutika vumbi, akaendelea na safari yake.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu walihamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika wakawekwa katika vijiji, vingi vikiwa karibu na barabara. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwapa wananchi shule, zahanati na maji kwa pamoja. Lakini kwa mbeba mzigo kulitokea jambo la ajabu kidogo: barabara ilikaribia nyumba, na shamba la zamani likawa mbali. Mama aliyekuwa akivuna nyuma ya nyumba sasa alitembea mwendo mrefu na gunia kichwani, ndipo afike mahali ambapo gari lingeweza kulichukua.

Na hilo gari je? Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakawa yananunuliwa na mashirika ya umma, kwa upande wa nafaka Shirika la Usagishaji la Taifa. Mkulima alikaa na mahindi yake akisubiri lori. Ikafuata vita ya Kagera ya 1978 na 1979, malori yakaenda vitani, kisha miaka ya shida ya mafuta, matairi na spea. Sheria ya 1982 iliurudisha ushirika, na mwaka 1984 serikali iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje. Katika bidhaa hizo zilikuwamo pikapu. Hapo ndipo pikapu za Kijapani zilipoanza kuonekana kwa wingi mikononi mwa wafanyabiashara, zikibeba abiria, nguo, dagaa, mawese na mahindi kwa pamoja.

Kwa hiyo baada ya serikali, misheni na shirika la umma, sasa mwenye chombo akawa mfanyabiashara. Hatumlaumu, maana alithubutu mahali ambapo wengine waliogopa. Lakini alikuja siku aliyotaka yeye, akapima kwa gunia alilotaka yeye, lile la lumbesa lenye kilemba juu, akalipa bei aliyokuja nayo mfukoni.

Yale tuliyojifunza kwa wageni

Mwezi Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nchi yao. Wengi waliingia Ngara, Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa hapa wilayani kwetu. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, Nyarugusu ikafurika, na Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya.

Habari za wakimbizi ni ndefu na zina uchungu wake. Zinastahili kijitabu chao. Hapa tunagusa kipande kinachohusu gari tu. Mashirika yaliyokuja kuwahudumia yalileta magari ya dizeli ya kazi, hasa Toyota Land Cruiser pikapu na Hilux, nayo yalitembea katika barabara zetu mwaka mzima, masika na kiangazi. Mafundi wa hapa walizizoea injini hizo hadi wanazifungua kama mama anavyomenya viazi. Spea zikafuata mafundi. Hilo ni somo kubwa kuliko tangazo lolote la biashara: gari zuri kwa Kasulu ni lile ambalo fundi wa Kasulu analijua na spea yake inapatikana Kasulu, au kwa mbali kabisa Kigoma. Gari la sifa ambalo nozeli yake lazima isubiriwe kutoka Dar es Salaam ni gari la kukaa chini ya mwembe.

Barabara nazo zimebadilika. Lami ya Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, imetuunganisha na Kigoma, na mradi wa Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, kama kilomita 260, umejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tunashukuru sana. Hata hivyo maharage hayalimwi kwenye lami. Kutoka shamba hadi barabara kuu ni njia ya udongo mwekundu, na mvua zetu huanza Novemba zikaendelea hadi Aprili au Mei. Gari letu lilitakiwa lifae pote pawili.

Kuhesabu kabla ya kupenda

Kikao cha kwanza cha gari kilikuwa na kelele nyingi. Wengine walitaka Land Cruiser kwa sababu "ile ni tingatinga". Wengine walitaka gari jipya jipya lenye kioo cheusi. Mama mmoja mtu mzima akanyamazisha wote kwa swali moja: "Jamani, hilo gari litabeba nini, na litateremka wapi?" Tukaona tuanzie hapo.

Mzigo wetu unajulikana: maharage na mahindi kwa magunia, muhogo mkavu, ndizi, na wakati wa kupanda mbolea ya mifuko ya kilo 50. Hauji wote siku moja. Huja kidogo kidogo, kwa zamu za wanachama. Fuso hailipi kama haijajaa, na kuisubiri ijae ni kurudi kule kule kwa kusubiri lori. Bajaji nayo hubeba kidogo na huchoka mlimani. Pikapu yenye tela ilikuwa katikati: mzigo ukiwa mdogo unaliacha tela nyumbani, ukiwa mkubwa unalifunga. Na shambani, wakati magunia yanapakiwa kwenye tela, gari linaweza kufanya safari nyingine.

Sasa hesabu. Pikapu za aina tuliyoiangalia ni za tani moja, na humo mmo pia dereva, utingo na mafuta. Kwa hiyo bodi tuliipa magunia 8 ya kilo 100, siyo 10. Kwa tela, watu wengi mjini walituambia tutapakia magunia 15 bila wasiwasi, maana "dizeli inavuta". Lakini tulipouliza vizuri tukaambiwa kwamba kwa tela lisilokuwa na breki zake lenyewe, watengenezaji wengi wa pikapu huweka kikomo cha kilo 750, tela na mzigo kwa pamoja. Tela la chuma la ekseli moja lililo tupu tulilipima kwenye mizani likawa na kilo 300. Ukitoa hizo, zinabaki 450. Kumbe tela lile lililokuwa likisifiwa magunia 15 lilikuwa na haki ya magunia manne na nusu!

Kwenye lumbesa hesabu inaharibika zaidi. Gunia linaloitwa la kilo 100 likiwa na kilemba linaweza kufika 130. Magunia 10 ya namna hiyo ni kilo 300 za ziada ambazo hakuna aliyezilipia na hakuna aliyezipangia breki. Kwa hiyo kikundi kilipitisha uamuzi kabla hata gari halijanunuliwa: hakuna lumbesa kwenye tela letu. Tuliupitisha kwa ajili ya usalama, lakini umetusaidia pia katika bei, kama mtakavyoona mbele.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda

Ndugu msomaji, tazama tulipo. Kasulu mjini tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita kama 770. Maana yake ni kwamba mzigo wetu ukienda sokoni Kigoma unashuka, na gari likirudi linapanda likiwa jepesi. Watu wanaouza magari husifia kupanda tu: linavuta, halichoki, lina nguvu. Sisi tulihitaji kwanza gari linaloweza kusimama.

Gari lenye uzito likishuka, mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki kulisimamisha huongezeka mara nne. Breki zikishika joto sana hulegea, unakanyaga na pedali inakwenda chini. Tela lisilo na breki husukuma gari kwa nyuma, na kwenye kona linaweza kuligeuza likakaa pembeni kama mkasi uliofunguka. Kwa hiyo tuliamua kwamba fedha ya breki itatengwa kabla ya fedha ya injini.

Tela letu lina breki za kusukumwa. Zinafanya kazi hivi: gari likipunguza mwendo, tela linakuja mbele kwa uzito wake, na ule msukumo kwenye shingo ya tela unavuta fito na kukaza breki za magurudumu ya tela lenyewe. Kadiri linavyosukuma ndivyo linavyojizuia. Halihitaji umeme, na fundi wa kuchomelea mwenye akili anaweza kulitunza. Pamoja na breki hizo tela tupu linafika kilo 350. Tukaliwekea magunia 10, jumla kilo 1,350, chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na bodi magunia 8. Hayo ndiyo magunia 18 ambayo wanachama mnayajua, na ndiyo maana dereva wetu hupakii gunia la kumi na tisa hata umwitie mwenyekiti.

Upakiaji nao una kanuni yake. Uzito wa tela unaokaa juu ya ndoano ya gari uwe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Ukiweka mzigo nyuma sana, tela linanyanyua mkia wa gari na kuanza kuyumba. Ukiweka mbele sana, springi za nyuma zinalala na usukani unakuwa mwepesi. Utingo wetu hupanga magunia kuanzia juu ya ekseli, halafu husogeza kidogo mbele. Na katika mteremko tunafuata neno la madereva wa zamani: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Sasa injini

Baada ya hapo ndipo tulipofungua boneti.

Tuliangalia Land Rover za zamani, 109. Chuma chake ni kigumu na bodi yake ya aluminiamu haiozi kirahisi, lakini zilizobaki ni za wapenzi wake, na spea inatafutwa mbali. Tuliangalia Land Cruiser pikapu ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Ile yenye injini ya 1HZ, iliyotoka 1990, ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, haina tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Kusema kweli, kwa kuvuta peke yake hiyo ndiyo ya kwanza. Lakini bei yake hata ikiwa kuukuu ni kubwa, inakunywa zaidi, na mzigo wetu ulikwisha kupangwa na breki za tela. Kununua nguvu ambayo hutaitumia ni kama kununua sufuria ya harusi kwa uji wa watu wawili.

Tukabaki na Hilux. Hapa msomaji avumilie majina, maana yanaokoa fedha. Injini ya 2L ina ujazo wa lita 2.4, nayo huchoka ikifungwa tela mlimani. Ndugu yake 2L-T ina tabo, lakini inajulikana kwa kupasuka silindahedi ikizidiwa na joto. Injini ya 3L ina lita 2.8, na 5L iliyotoka katika miaka ya 1990 ina lita karibu 3. Hizi mbili hazina tabo wala kompyuta. Pampu yake ya dizeli ni ya kawaida, fundi anaifungua na kuifunga. Hilux za kizazi kilichotoka 2004 nyingi zina D-4D, yenye nguvu zaidi na inayokula kidogo kwa kazi ile ile, lakini nozeli zake hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana na hazivumilii dizeli chafu. Sisi wengine tunajua dizeli ya dumu huko vijijini inavyokuwa.

Ni lazima tuseme pia kwamba injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda juu, karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Tulilijua hilo tukalikubali. Tela letu likipanda linakwenda taratibu, lakini linafika. Tukachagua 5L, yenye kuvuta magurudumu yote manne na gia nzito kwa ajili ya matope.

Siku za kukagua

Tulikagua magari kadhaa, na kila mara tulikwenda wanne pamoja na fundi wetu tuliyemlipa sisi, siyo fundi wa muuzaji. Tunaandika utaratibu wetu hapa ili vikundi vingine viutumie.

Kwanza, tulifika asubuhi mapema, injini ikiwa baridi. Injini iliyokwisha kuwashwa kabla hujafika inaficha ugonjwa. Moshi mweusi kidogo wakati wa kuwasha si neno. Wa bluu usiokwisha maana yake inakula oili. Mweupe mzito unaoendelea injini ikishapata moto una maana ya maji yanayoingia mahali pasipotakiwa, au dizeli isiyoungua.

Pili, tulifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma. Ukiona mvuke unapuliza kwa nguvu kama birika, ringi na silinda zimechoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, acha, ondoka.

Tatu, tuliuliza juu ya mkanda wa taiming. Injini hizi za 3L na 5L zina mkanda, siyo mnyororo, na ukikatika ukiwa njiani unaweza kuharibu valvu na pistoni kwa pigo moja. Ubadilishwe kila kilomita 100,000. Mwenye gari akisema "ulibadilishwa juzi" bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na upunguze bei.

Nne, klachi. Gari likiwa limesimama, hendibreki imekazwa, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi. Injini izimike mara moja. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha, na gari la kuvuta bila klachi ni mapambo.

Tano, tulilala chini kwenye kanga zetu tukatazama chesisi. Magari mengi kuukuu kutoka Japani yametembea katika barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi, na kutu huanzia ndani. Tuligonga kwa nyundo ndogo. Tulitazama hasa pale nyuma ndoano inapofungwa: kama kuna alama ya kuchomelea juu ya kuchomelea, gari hilo limeshavutishwa kupita kiasi.

Sita na la mwisho: tulidai kulijaribu likiwa na mzigo, kupanda kwa nusu saa huku tukiangalia mshale wa joto, na kushuka huku tukiangalia breki. Muuzaji mmoja alicheka akasema wanawake mnataka nini na mshale wa joto. Tukamshukuru kwa muda wake, tukaondoka. Yule tuliyenunua kwake alikubali, akatuazima na magunia ya mahindi ya kujaribia.

Karatasi tulizikagua kwa makini ule ule. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na kadi ya gari, kwa macho, namba kwa namba. Gari lililotoka kwenye shirika au mradi ulioingiza bila ushuru lazima liwe na uthibitisho kwamba ushuru umelipwa. Tela nalo lina usajili wake na namba yake, na bima lazima ilitaje. Mwisho, kadi iliandikwa jina la kikundi. Hapo palikuwa na maneno majumbani, hatufichi. Lakini kikundi chetu kimesajiliwa, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, na kikundi kilichosajiliwa kina jina la kuandikwa kwenye kadi. Mali iliyonunuliwa kwa hisa za akina mama haiwezi kulala kwenye jina la mume wa mtu, hata awe mwema namna gani.

Kilichobadilika

Gari halikututajirisha, na mtu asiwadanganye kwamba gari kuukuu ni mbuzi wa maziwa. Linakula matairi, oili, springi, na kila mwezi lina fedha yake tunayoiweka pembeni kabla ya kugawana chochote. Tulipolinunua hatukumaliza fedha yote; tuliacha sehemu kwa ajili ya mkanda mpya, oili zote, breki na matairi, na kazi hiyo ilifanyika kabla ya safari ya kwanza.

Lakini siku ya kuuza sasa ni yetu. Maharage yakiwa bei ya chini wakati wa mavuno, mwanachama anayaweka ghalani, anachukua mkopo mdogo wa kumvusha, na tunayapeleka tunapoona soko limesimama. Mnunuzi akija nyumbani na bei yake, tunamsikiliza kwa adabu, kisha tunamwambia bei ya Kigoma ya wiki hiyo na gharama ya kufika huko. Kwa kuwa magunia yetu yamepimwa kilo 100 kamili, hatuuzi tena kilemba bure. Ule uamuzi wa kulinda breki ndio uliotuondolea lumbesa.

Kuna matumizi mengine ambayo hatukuyaandika kwenye mpango lakini yaliingia kwenye kanuni mwaka wa kwanza. Mama mjamzito au mgonjwa akizidiwa usiku, tela linafunguliwa, gari linakwenda, na mafuta yanatoka mfuko wa jamii. Haulizwi kama ni mwanachama. Ndoano yetu hufunguka kwa pini moja na mnyororo wa usalama, na kila mwanachama wa kamati ya gari, hata asiyejua kuendesha, amefundishwa kuifungua gizani.

Kwa kizazi cha bibi zetu mzigo ulikuwa kichwani, na njia ya kuuza ilikuwa ya mwingine. Binti zetu wawili sasa wanajifunza udereva kwa fedha ya kikundi, ili dereva naye asiwe wa kuazima. Vikundi vya Kibondo, Buhigwe na Kakonko vinavyotaka kununua gari mnakaribishwa. Njooni na hesabu ya magunia yenu na mteremko wenu. Fundi wetu yupo, na nyundo ndogo ya kugongea chesisi tunawaazima.